Uzio wa Mwadui na Mji Uliozaliwa Nje ya Geti

Maandishi mengi kuhusu Mwadui, mgodi wa almasi uliopo wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, hurudia hadithi moja: kwamba mwaka 1940 gari la mjiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, lilikwama matopeni karibu na mbuyu, naye alipoinama kulikagua gurudumu akaiona almasi ikimeta. Hadithi hiyo ni tamu kusimulia, lakini haistahimili uchunguzi, kwa sababu almasi ghafi kwa kawaida huwa na uso uliofifia kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga, na pia kwa sababu Usukuma ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa na almasi, ambazo zilichimbwa Mabuki tangu miaka ya 1920. Williamson alizitafuta kwa miaka, akifuata chembe za madini mazito, hasa ilmenaiti na garneti, ambazo huandamana na kimberlaiti, yaani mwamba wa volkano unaopandisha almasi kutoka kilindini mwa ardhi.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inahitaji vibarua wa kuchimba mashimo ya majaribio, kubeba changarawe, kuichekecha na kuikagua punje kwa punje, na ndiyo maana masimulizi ya wenyeji yanayosema kwamba jicho la kwanza kuiona almasi ya Mwadui lilikuwa la kibarua Mwafrika yanastahili kusikilizwa kwa makini kuliko hadithi ya gurudumu, hata kama wanaoyasimulia hawakubaliani juu ya jina lake.

Kimberlaiti ya Mwadui ina ukubwa wa hekta zipatazo 146 na ni miongoni mwa kubwa zaidi zilizowahi kuchimbwa duniani, na changarawe yenye almasi ilikuwa karibu na uso wa nchi. Jambo hilo la kijiolojia ndilo lililoupa mji wa Mwadui tabia yake. Dhahabu ya Geita hukaa ndani ya mwamba na hudai nyundo, karasha na zebaki kabla haijawa mali, ilhali almasi hutoka ardhini ikiwa imekamilika, na thamani ya mshahara wa miaka mingi huweza kufichwa chini ya ulimi. Katika mitambo ya enzi hizo changarawe iliyooshwa ilipitishwa kwa maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe ya kawaida yaliteleza na kupita, lakini almasi, ambayo hailowani kwa urahisi, ilinasa. Kwa mwajiri, hatari ilibaki kwenye mikono ya watu waliofika karibu na meza hizo.

Hapo ndipo ulipotokea uzio. Huko Kimberley, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1880, wachimbaji wa almasi Waafrika walifungiwa kambini kwa muda wote wa mkataba. Mwadui haikufika huko. Ilijengewa nyumba, shule, hospitali na uwanja wa ndege, na wasifiaji wa Williamson huyataja hayo kama ushahidi wa ukarimu wake. Huenda alikuwa mkarimu, lakini mji ambao mkazi wake hupekuliwa getini na hupoteza nyumba siku anayopoteza kazi hauwezi kuelezwa kwa tabia ya mwenye mali peke yake.

Nje ya geti ulikua Maganzo, mji wa maduka, wanunuzi na wachekechaji wa makinikia, na kutoka huko pamoja na vijiji jirani wakatokea wabeshi, yaani vijana wanaopenya mgodini usiku kutafuta mchanga wenye almasi. Taarifa za polisi huwaita wezi. Kwa mwanahistoria jibu hilo ni jepesi mno, kwa kuwa sheria zilizofanya kumiliki almasi ghafi bila leseni kuwa kosa zilitungwa na serikali ya kikoloni, wala kizazi cha kwanza cha Wasukuma waliozungushiwa uzio hakikushirikishwa kuzitunga.

Mabadiliko ya umiliki yanajulikana vya kutosha: Williamson alifariki Januari 1958, warithi wakauza mgodi kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika nusu kwa nusu, De Beers ikawa na asilimia 75 mwaka 1994, na kampuni ya Petra Diamonds ikazichukua hisa hizo mwaka 2009. Ile almasi ya waridi ya karati 54.5, iliyopatikana mwaka 1947 na kuzawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, imeandikwa kupita kiasi. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa fidia katika kesi iliyofunguliwa Uingereza na wananchi waliodai kujeruhiwa na walinzi wa mgodi, na tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka na tope likavamia makazi na mashamba ya vijijini. Matukio hayo mawili yanaueleza mji wa Mwadui vizuri zaidi kuliko pambo la malkia.

Kinachokosekana ni sauti za walioosha changarawe. Vyuo vikuu na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa havina budi kutuma watu Maganzo, Kolandoto na vijiji vya Kishapu kurekodi masimulizi hayo bila kuchelewa, kwa maana kibarua aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1955, kama bado yu hai, amekwisha kutimiza miaka 90.