Kiti Kimoja: Wamarekani wa Kikapu Katika Jezi za Afrika Mashariki

Katika AfroBasket ya 2021 mjini Kigali, Uganda iliitoa Nigeria kwa pointi 80 kwa 68 na kutinga robo fainali. Wiki chache kabla ya hapo Nigeria ilikuwa imeishangaza dunia kwa kuifunga Marekani 90–87 kule Las Vegas. Kikosi kilichokuja Kigali hakikuwa kile, lakini jina Nigeria lilikuwa lile lile, na Waganda walikuwa na haki ya kushangilia. Kati yao alikuwamo Ishmail Wainright, mzaliwa wa Kansas City, jimbo la Missouri, na ndani ya miezi michache angekuwa amevaa jezi ya Phoenix Suns katika NBA.

Wainright hakufika Kigali kwa njia iliyonyooka. Alimaliza miaka minne ya kikapu katika Chuo Kikuu cha Baylor, akajaribu soka ya Kimarekani kwa msimu mmoja, kisha akaenda Ujerumani kuanzia daraja la pili na klabu ya Nürnberg Falcons. Kutoka hapo akapanda hadi Vechta, na baadaye akavuka kwenda Strasbourg, Ufaransa. Hiyo ndiyo historia ya Wamarekani wengi wanaokula jasho la kikapu. NBA ina timu 30, na nafasi za kudumu hazizidi sana 450. Vyuo vinatoa vijana maelfu kila mwaka, na usiku wa kuwachagua wapya yanaitwa majina kama 60 tu. Waliobaki hufunga mizigo. Wanakwenda Uturuki, Lebanon, China, Morocco, kwa mkataba wa msimu mmoja, wakijua kwamba goti likiuma mwezi wa pili, safari inaweza kuishia hapo. Dereva wa lori anayelala kwenye foleni ya mpakani Tunduma, mzigo wake ni wa mtu mwingine na tarehe ya kufika haijui, angeyaelewa maisha hayo bila kufundishwa.

Lakini klabu ni jambo moja, timu ya taifa ni jingine. Shirikisho la dunia, FIBA, linaruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Hicho ndicho kiti ambacho Wainright alikikalia. Kabla yake Uganda ilikuwa imempa Brandon Davies, aliyesoma Brigham Young kule Utah, akapita Philadelphia 76ers na Brooklyn Nets. Davies alicheza AfroBasket ya 2017 akiwa Mganda, miaka miwili tu baada ya Uganda kushiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Kwenye klabu mwili wake ulikuwa Ulaya: Žalgiris ya Kaunas, aliyofika nayo nusu fainali ya EuroLeague mwaka 2018, kisha Barcelona, kisha Milano. Uganda ilimpata kwa siku chache za mashindano, na siku hizo zilitosha kuwaonyesha vijana wa Kampala kiwango ambacho walikuwa wakikiona kwenye televisheni tu.

Wapo wanaolalamika kwamba huo ni uraia wa kununua. Naandika nikiwa Tunduma, na lawama hiyo hainiingii kirahisi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hii wakiwa Berlin, na mstari wao ukapita katikati ya Wanyamwanga. Leo ukoo mmoja una watu wenye kitambulisho cha Tanzania upande wa Momba na wengine wenye kadi ya Zambia upande wa Nakonde, na wanakutana kwenye harusi na misiba ile ile. Uraia ulitupata kwa amri ya watu wasiotujua. Mtu akiuomba mwenyewe, akausimamia uwanjani, sioni kwa nini tumdharau. Swali linalonihusu ni jingine: je, nchi imejenga nini kuzunguka kile kiti?

Jibu zuri kuliko yote limetoka kwa mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sudan Kusini. Luol Deng alizaliwa Wau, akakimbia vita hadi Misri, kisha London, akacheza NBA miaka 15. Aliposhika shirikisho la nchi yake mwaka 2019 hapakuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa kikapu nchini. Alitoa fedha zake mfukoni, akamwita Mmarekani Royal Ivey kuwa kocha, na akaanza kuwatafuta watoto wa wakimbizi duniani kote. Wenyen Gabriel alikulia New Hampshire. Marial Shayok alizaliwa Ottawa. Nuni Omot alizaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akalelewa Minnesota. Khaman Maluach alikulia Uganda, na hakuwa ametimiza miaka 18 alipokwenda Olimpiki.

Timu ikapatikana, ila ilikosa mtu wa kuiongoza ikiwa na mpira. Kile kiti kimoja akapewa Carlik Jones wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Alikuwa amecheza Radford, chuo kisichotazamwa na wengi, akamalizia Louisville, na mwaka 2021 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Msimu wa 2022–23 aliibuka mchezaji bora wa ligi ndogo ya NBA akiwa na Windy City Bulls. Miezi michache baadaye alikuwa Manila kwenye Kombe la Dunia. Sudan Kusini iliifunga China 89–69, na ilipoichapa Angola 101–78 ikakata tiketi ya Olimpiki ya Paris ikiwa timu bora ya Afrika.

Mechi ya kirafiki ya London, 20 Julai 2024, inastahili kuangaliwa polepole. Marekani ilikuja na LeBron James, Stephen Curry na wenzao. Sudan Kusini iliongoza hadi kwa tofauti ya pointi 16. Jones alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na asisti 11, dhidi ya wenye kazi ambazo yeye alizikosa nyumbani. Zikiwa zimebaki sekunde nane, LeBron alipenya akaweka mpira kikapuni, na Marekani ikaponea kwa 101–100. Siku nane baadaye, mjini Lille, waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Wachezaji walisimama wakisubiri kosa lirekebishwe, kisha wakaifunga Puerto Rico 90–79, Jones akipachika pointi 19. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa nchi hiyo katika Olimpiki.

Upande wa klabu, mlango ulifunguliwa Mei 2021 pale Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali. Rapa J. Cole alichezea Patriots ya Rwanda mechi tatu, akapata jumla ya pointi 5, akaondoka. Mmarekani mwenzake Terrell Stoglin, aliyeongoza kwa ufungaji msimu ule akiwa na AS Salé ya Morocco, alisema waziwazi kwamba nafasi ile ingemfaa mtu anayeishi kwa kikapu. Namuunga mkono. Ligi hiyo inabana idadi ya wageni wasio Waafrika kwenye kila timu, na kila nafasi ni mshahara wa familia ya mtu. Mwaka uliofuata Michael Dixon, Mmarekani wa US Monastir, alitwaa ubingwa na tuzo ya mchezaji bora hapo hapo Kigali, kwa kazi ya msimu mzima.

Na Tanzania? Sisi tulimtoa Hasheem Thabeet. Alishika mpira wa kikapu akiwa kijana wa Dar es Salaam, akapita Houston na Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis ikamchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. NBA ilipomwachia, alishika njia ile ile ya akina Wainright: Japani, kisha Taiwan. Kile kiti kimoja hatujakitumia kama majirani zetu, na sababu iko kwenye sheria kuliko kwenye mapenzi ya mchezo. Uganda ilikubali uraia pacha kwa marekebisho ya Katiba ya 2005. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inamtaka anayeomba uraia wa tajnisi aukane wa kwanza, na hakuna Mmarekani anayeishi kwa pasipoti yake atakayefanya hivyo kwa ajili ya mashindano ya wiki mbili.

Hilo la Mmarekani tunaweza kulimeza. Linaloniuma ni kwamba sheria hiyo hiyo inamtaka mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Minnesota au Toronto achague pasipoti moja akitimiza miaka 18, umri ambao mchezaji wa kikapu ndiyo kwanza anaanza kuonekana. Deng alianza na watoto wa aina hiyo, na Jones akaja baadaye kuziba pengo moja. Kwa sheria yetu, kikosi kilichoitetemesha Marekani pale London kisingekamilika hata wachezaji watano wa kuanza.