Maziwa ya Nyayo Yalimkuta Mtoto Amechelewa

Ukiwatajia watu wa rika langu enzi za Moi, wengi watakumbuka pakiti ya maziwa kabla ya siasa. Mwaka wa 1979 serikali ilianza kugawa maziwa bure katika shule za msingi, nasi tukayaita maziwa ya Nyayo. Tuliyapenda. Kuna wenzangu waliokuja shule kwa ajili yake tu.

Lakini hebu tujiulize: yalimkuta mtoto akiwa na miaka mingapi? Sita, saba hivi. Utapiamlo haungoji kengele ya shule. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika kuuhusu mwaka wa 1933. Miaka miwili baadaye akaupa jina ambalo akina mama wa Kiga walilitumia tayari: kwashiakoo, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amekuja. Jina lenyewe linakuonyesha mlango ambamo ugonjwa huingilia.

Huku kwetu Kisegi, mtoto huyo hupewa nyuka, uji wetu. Uji wa unga na maji matupu unajaza tumbo, haujengi mwili. Unahitaji maziwa, na maziwa ni haba. Ng'ombe wetu wa kienyeji hukamuliwa kidogo, na bonde la Lambwe hapo jirani limekuwa makao ya mbung'o kwa miaka mingi. Nagana ikiingia zizini, kibuyu hukauka.

Kati ya 1998 na 2000, watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za Embu. Watoto wengine walipewa githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Maziwa yaliwaongezea kimo hasa wale waliokuwa wamedumaa. Wa nyama ndio waliofanya vizuri zaidi katika mitihani ya kufikiri. Kwa hiyo maziwa si dawa ya kila kitu, na omena iliyosagwa ndani ya uji ina kazi yake pia.

Kaunti zikizungumzia tena maziwa ya shule, mimi sitapinga. Nitauliza tu: yule wa mwaka mmoja na nusu, ambaye bado yuko mgongoni mwa dadake, kikombe chake kiko wapi?