Kuchanganua

Funga, fungua. Kunja, kunjua. Changanya, changanua: neno limebeba maana yake tumboni. Waliosoma Kenya wanalikumbuka kwa matawi ubaoni, S (sentensi) juu, KN (kundi nomino) kushoto, KT (kundi tenzi) kulia.

Tazama: “Mwalimu wa mtoto mgonjwa amefika.” Nani mgonjwa? Matawi ya aina mbili yanakubalika. Lakini “Kiatu cha mtoto kipya kimepotea” haina ubishi, ki- imeamua.

Kompyuta nayo huchanganua, ila ikichora kila mti mmoja mmoja itakesha, maana sentensi ikirefuka miti hufurika. Mwaka 1970 Jay Earley, Mmarekani, alichapisha mbinu ya sarufi zisizotegemea muktadha: kipande kikishatambuliwa kinaandikwa jedwalini, hakirudiwi. Maneno yakiwa maradufu, kazi huongezeka takriban mara 8 hali ikiwa mbaya kabisa. Sarufi isiyo na utata, mara 4 tu.

Wapo wanaoandika “kuchambua”. Sigombani nao, ila kuchambua ni kwa mchicha na pamba: unatoa takataka, unabaki na kizuri. Anayechanganua sentensi hatupi hata kiunganishi.