Zaidi ya Mchakamchaka: Hoja ya Mazoezi ya Vipindi kwa Askari wa Singida

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha, kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, kilichoamua ni akiba ya kufyatuka. Makala hii inadai kwamba polisi na zimamoto wanaihitaji akiba hiyohiyo, na kwamba mchakamchaka peke yake hauwapi.

Mchakamchaka unajenga pumzi, nidhamu na umoja: kundi zima hukanyaga kwa hatua moja, kwa mwendo anaoumudu wa nyuma. Hapohapo ndipo ulipo upungufu wake, kwa kuwa dharura haina mwendo wa wastani. Trafiki aliyesimama juani tangu asubuhi huitwa ghafla kumchomoa majeruhi kwenye lori lililopinduka mlima Sekenke. Nchini Marekani, utafiti wa Kales na wenzake wa mwaka 2007 ulikadiria kuwa kuzima moto huchukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wa kazi wa zimamoto, ilhali humo ndimo kilimotokea karibu kifo kimoja kati ya kila vitatu vya maradhi ya moyo kazini.

Mazoezi ya vipindi, yaani kasi kali, pumziko fupi, kisha kurudia, huuzoeza mwili mruko huo wa ghafla kutoka utulivu hadi juhudi kali. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake nchini Japani walilinganisha makundi mawili kwa wiki 6. Waliofanya mazoezi ya wastani kwa saa nzima waliongeza uwezo wa kutumia oksijeni tu. Waliojituma sekunde 20 na kupumzika 10, mara 7 au 8, waliongeza huo pamoja na nguvu ya mwili kufanya kazi oksijeni inapopungua. Mazoezi ya kundi la kwanza ndiyo yanayofanana na mchakamchaka wetu.

Itapingwa kwamba wale walikuwa vijana wanamichezo juu ya baiskeli za maabara, na kwamba kinachoua kazini chaweza kuua uwanjani. Pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana kabla ya filimbi ya kwanza apimwe shinikizo la damu kila askari, na mwenye umri mkubwa aanze kwa kupanda kilima kwa miguu. Aliyehamishwa kutoka pwani naye apewe wiki kadhaa za kuzoea mwinuko wa Singida, takribani mita 1,500.

Vifaa ni saa, filimbi na mteremko. Mchakamchaka ubaki siku 3 kwa wiki. Siku 2 safu ivunjwe, kila mmoja akimbilie ukomo wake mwenyewe. Umoja hautapotea: wataanza pamoja kwa filimbi moja, na kupumzika pamoja kwa filimbi nyingine.