Redio mpya, spika za zamani: Jinsi ya kuziunganisha garini bila hasara

MAGARI mengi yanayoteremshwa katika bandari ya Mombasa hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi huja na redio isiyomfaa sana mwenye gari humu nchini.

Sababu ni masafa. Kwa miaka mingi redio za soko la Japani zilitengenezwa zinase mawimbi ya FM kati ya megahezi 76 na 90, na nyingi za miaka ya karibuni hufika 95. Nchini Kenya, stesheni za FM hupeperusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108. Dereva basi huambulia stesheni chache tu, nyingine zote zikimpita.

Wapo wanaofunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena ili kushusha masafa hayo. Hata hivyo, namba inayoonekana kwenye redio huwa si namba halisi ya stesheni. Wengi huamua kununua redio nyingine, na hapo ndipo swali huzuka: je, ni lazima spika nazo zibadilishwe?

Si lazima. Spika zilizofungwa kiwandani, zikiwa nzima, zaweza kutumika na redio mpya kwa miaka mingi. Mara nyingi kinachozimaliza ni nyaya zilizounganishwa vibaya na sauti iliyopandishwa kupita kiasi.

Kagua spika kwanza

Kabla ya kununua redio, fungua kifuniko cha mlango utazame spika yenyewe. Kiwambo, yaani ile sehemu ya mbele inayotetemeka, kisiwe kimechanika wala kuachana na ukingo wake. Kibonyeze polepole kwa vidole. Kikikwaruza ndani, spika hiyo imekufa.

Nyuma, karibu na sumaku, huandikwa ukinzani kwa omu. Spika nyingi za magari huwa na omu 4, na redio nyingi zimeundwa kwa kiwango hicho. Ukipima kwa mita ya umeme, spika ya omu 4 huonyesha kati ya 3 na 4. Mita isipoonyesha chochote, waya wa ndani umekatika.

Spika ya omu 2 huvuta umeme mwingi kuliko redio ya kawaida inavyoweza kutoa. Redio hupata moto, hujizima, na hatimaye huungua. Soma kijitabu cha redio uone kiwango inachokubali.

Usitishwe na wati

Kasha la redio huweza kuandikwa wati 50 mara nne. Hicho ni kilele cha muda mfupi mno. Nguvu inayotolewa mfululizo kwa kawaida haifiki hata nusu yake. Kwa hivyo, redio mpya haiui spika za kiwandani kwa wati peke yake.

Hatari huja sauti inapopandishwa hadi ikaanza kukwaruza. Hapo redio imefika mwisho wa uwezo wake, na umeme unaokwenda kwenye spika huichemsha koili. Teremsha sauti mara moja. Aidha, kama redio ina kichujio cha sauti nzito, kiweke kwenye hezi 80 au 100 ili spika ndogo za milangoni zisibebeshwe besi zisizoiweza.

Rangi za nyaya zinavyodanganya

Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata rangi hizi: njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, na nyeusi huenda kwenye bodi ya gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto na zambarau nyuma kulia. Waya wenye mstari mweusi ndio upande hasi wa kila spika.

Viwanda vya magari havifuati rangi hizo. Katika magari mengi ya Toyota, kwa mfano, waya wa kijivu ndio unaoleta umeme wa ufunguo, wa kahawia huenda kwenye bodi, na wa kijani ni wa taa. Fundi anayeunga kijivu kwa kijivu huingiza volti 12 mahali panapotoa sauti, na redio mpya huungua kabla haijatoa neno.

Dawa yake ni plagi ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa aina ya gari lako. Huuzwa katika maduka ya vipuri, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na redio. Aidha, hukuepusha na kukata plagi ya kiwandani, ambayo utaihitaji ukitaka kurudisha redio ya awali.

Kazi yenyewe

Kwanza, ondoa waya hasi wa betri. Pili, hakikisha redio inaingia katika nafasi yake: redio kubwa ya kawaida ina upana wa milimita 180, ilhali nafasi ya magari mengi ya Toyota ni milimita 200, hivyo huhitaji vipande vya kuziba pembeni.

Usichanganye njano na nyekundu. Zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa ufunguo, redio husahau stesheni kila gari linapozimwa. Zikiungwa zote kwenye betri, redio huweza kuendelea kunyonya umeme usiku kucha.

Kila spika ipelekewe nyaya zake mbili. Kamwe usiunge upande hasi wa spika kwenye bodi ya gari, kwani jambo hilo huua redio nyingi za kisasa. Vilevile, chanya iende kwa chanya. Spika moja ikigeuzwa, viwambo husukumana kinyume na besi hupotea.

Ukiona nembo ya Bose au JBL kwenye spika, yaelekea gari lina amplifaya yake ya kiwandani. Waya wa buluu wenye mstari mweupe ndio huiamsha. Usipoungwa, redio itawaka bila sauti. Magari mengine huhitaji plagi maalumu, kwa hivyo mtafute fundi anayeufahamu mfumo huo.

Mwisho, viungo vyote vifungwe barabara na kufunikwa, na fyuzi isiwe kubwa kuliko iliyokuja na redio. Fyuzi kubwa huuacha waya uwake kabla yenyewe haijakatika, na moto wa dashibodi huweza kuteketeza gari zima. Rudisha waya wa betri, jaribu spika moja baada ya nyingine, ndipo ufunge dashibodi.