Waosha magari wa Kisumu na yai lenye mwiba

Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilipobomolewa kupisha ukarabati wa bandari ya Kisumu, wengi waliwalilia ngege na mbuta wa pale. Sikusikia aliyekumbuka kwamba ufuo wa mji huu ulikuwa pia maabara. Vijana walioingiza magari ziwani na kuyasugua huku maji yakiwafika magotini ndio waliosaidia kukata ubishi wa miaka mingi kuhusu kichocho.

Historia ya mbali ni fupi. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliwaona minyoo wanaosababisha kichocho mjini Cairo. Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha kwamba konokono ndio wanaoueneza ugonjwa. Mwaka 1994 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, likatangaza kwamba kichocho cha mkojo husababisha saratani ya kibofu.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu: mbona watu wazima huambukizwa kidogo kuliko watoto? Ni kinga ya mwili, au ni kwa vile mzee haendi kuogelea mtoni? Miaka ya 1980, Anthony Butterworth, John Ouma na wenzao walifanya utafiti Machakos wakasema ni kinga. Wenye shaka hawakuridhika. Nani angejua kila mtu ameingia majini mara ngapi?

Kisumu jibu lilikuwepo, kwa sababu magari yanahesabika. Diana Karanja wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzake, wakiwemo watafiti wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walihesabu magari aliyoosha kila kijana, wakapima choo kwa hadubini, wakawatibu vijana kwa dawa ya prazikwanteli, kisha wakasubiri waone nani ataambukizwa tena na baada ya muda gani. Wapo walionaswa upesi kila mara. Wengine, kadiri walivyotibiwa ndivyo walivyokawia kuambukizwa, ingawa kazi ilikuwa ileile na maji yaleyale. Minyoo wanaouawa na dawa huuonyesha mwili adui alivyo, na mwili hujifunza. Ripoti ya utafiti huo ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2002, nayo ilionyesha kwamba virusi vya Ukimwi vikizipunguza seli za kinga ziitwazo CD4, kinga hiyo hulegea.

Kwangu mimi, matokeo yao ya 1997 ndiyo ya ajabu zaidi. Wenye virusi vya Ukimwi ambao CD4 zao zimeshuka walitoa mayai machache chooni kuliko wenzao. Kumbe yai haliwezi kujitoa mwilini peke yake: seli za kinga hulizingira na, katika vita hivyo, hulisukuma nje. Lisilotoka hubaki kwenye nyama.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kibofu, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kichocho cha ufuoni Kisumu ni cha matumbo; yai lake lina mwiba ubavuni. Cha mkojo, chenye yai la mwiba mkiani, kinapatikana bondeni Kano na zaidi huko Pwani. Yai hilo likikwama kwenye ukuta wa kibofu, seli za kinga ziitwazo makrofeji na eosinofili hulizunguka na kufanya kinundu. Uvimbe huo ukidumu miaka, seli za kibofu huumia, hujigawa ili kuziba kidonda, huumia tena, hadi baadhi huharibika na kuwa saratani. Jeshi la ulinzi limegeuka mchomaji wa nyumba.

Lakini moto huohuo unaweza kutumiwa vizuri. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada alieleza jinsi alivyoingiza BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu mkononi, ndani ya vibofu vya wagonjwa tisa wa saratani ili kuziamsha seli za kinga zilizo jirani na uvimbe. Hadi leo ni tiba ya saratani ya kibofu ambayo haijapenya msuli.

Sisi kwa miaka mingi tumetegemea dawa za kichocho zinazogawiwa shuleni. Mkulima wa mpunga wa Ahero, aliyeinama majini tangu utotoni, mara nyingi huachwa nje kwa sababu si mwanafunzi, ingawa mwaka 2022 WHO ilishauri kwamba watu wazima pia watibiwe panapokuwa na maambukizi mengi. Ni aibu, hasa kwa mji uliotoa ushahidi wenyewe.

Msomaji, ukiona damu kwenye mkojo, hata bila maumivu, nenda kituo cha afya upimwe mkojo kwa hadubini. Ukimeza dawa na damu isikome, omba kibofu kichunguzwe.