Mzee wa mazishi aliyeacha mkate

MUDA mrefu kabla ya semina na vitabu vinavyohimiza watu waache ugali na wali, wale nyama, mayai na parachichi, alikuwapo mzee wa London aliyeitwa William Banting. Hakuwa daktari. Ukoo wake uliishi kwa kazi ya kuandaa mazishi, na wateja wake walikuwa wazito: ukoo huo ndio ulioshughulikia maziko ya Jemadari Wellington mwaka 1852.

Banting aliteswa na unene. Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka ipatayo 65, alikuwa na kilo karibu 92 kwa kimo cha sentimita 165. Kufunga kamba za viatu kulimshinda. Ngazi alizishuka kinyumenyume, taratibu, asije akaumiza magoti na vifundo vya miguu. Daktari alimshauri afanye mazoezi, naye akawa anapiga makasia kila asubuhi. Nguvu zilikuja, lakini zilikuja na njaa. Akala zaidi, akazidi kunenepa. Akajaribu dawa, maji ya chemchemi na bafu za mvuke. Wapi!

Aliyemfaa ni daktari wa masikio. Banting alikuwa ameanza kutosikia vizuri, akaenda kwa William Harvey, ambaye mjini Paris alikuwa amemsikiliza mwanasayansi Claude Bernard akifundisha kuhusu kisukari na kazi ya ini. Harvey aliona ugonjwa wa mzee ni kitambi, akampiga marufuku mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Hakumwacha na njaa. Asubuhi Banting alikula gramu zipatazo 120 za nyama ya ng'ombe, kondoo, figo au samaki, pamoja na chai kavu isiyo na sukari na kipande kidogo cha mkate uliokaushwa. Mchana ilikuwa samaki au nyama, mboga na matunda, na usiku nyama au samaki tena. Divai aliruhusiwa, glasi kadhaa kwa siku. Katika mwaka mmoja alipungua kilo 21 hivi.

Mwaka 1863 aliandika kijitabu kuhusu safari hiyo, akakichapisha kwa fedha zake na kukigawa bure. Watu walikigombania. Kilipoanza kuuzwa, faida aliipeleka kwenye misaada. Madaktari wengi walimbeza: mzika watu ana lipi la kuwafundisha? Wengine walisema hakuna jipya, na hapo walikuwa na hoja, kwani Mfaransa Brillat-Savarin alikwishaandika mwaka 1825 kwamba unga na wanga ndivyo vinavyonenepesha.

Banting hakuhesabu kalori, kwa kuwa hesabu hiyo ilikuwa haijaingia mezani. Iliingizwa na Mmarekani Wilbur Atwater katika miaka ya 1890. Alimfungia mtu ndani ya chumba kidogo kwa siku kadhaa, akapima chakula alichokula, hewa aliyovuta na joto lililomtoka. Kutokana na kazi yake tunasema hadi leo kwamba gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, na ya mafuta 9. Mwaka 1918 daktari wa California, Lulu Hunt Peters, aliwaambia wanawake wa Marekani waache kusema kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate.

Tangu hapo kambi mbili zimekuwa zikivutana: ya wanaohesabu kalori na kupunguza mafuta, na ya wanaoacha wanga. Mwaka 1972 daktari Robert Atkins wa New York aliirudisha nyama kwa kishindo, safari hii pamoja na mafuta yake. Mwaka 2013 profesa Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha kitabu kilichofufua jina la Banting, ingawa siagi wanayoisifu ndiyo aliyokatazwa mzee mwenyewe.

Nani mkweli? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga, kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpa yeyote ushindi. Protini hushibisha, na anayeacha mkate, soda na bia huwa ameacha kalori nyingi bila kushika kalamu. Kilo za wiki ya kwanza, zinazowapa watu furaha kubwa, kwa sehemu kubwa ni maji.

Banting alidumu na mlo wake, akafariki mwaka 1878 akiwa na miaka 81. Kudumu huko ndiko kulikomfaa, na ndiko kunakowashinda wengi. Chagua basi mlo utakaouweza hata mwakani. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muone daktari wako kabla hujaacha ugali, kwa maana dozi ileile bila wanga inaweza kushusha sukari kupita kiasi.